Miaka mitatu ya sayansi ya siasa, nimeshindwa kumjibu mama swali la ushuru wa dagaa

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, wengine habari zenu.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauweka kama ulivyo, mwenye kunitukana anitukane.

Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa, nimemaliza 2024. Chuo sikitaji. Nimerudi nyumbani Mwanza, namsaidia mama biashara ya dagaa. Dagaa siwaonei aibu, ndio walionilipia ada pale mkopo ulipoishia. Kinachoniwasha ni kitu kingine kabisa.

Mwezi uliopita tulikuwa mwaloni alfajiri, mzigo umeshuka kutoka visiwani, magunia kumi na mawili. Kijana wa ushuru akaja na mashine yake ya posi, akabonyeza, karatasi ikatoka, mama akalipa. Mama yangu ameishia darasa la saba, lakini risiti hatupi hata siku moja. Anazibana kwa vibanio vya nguo na kuzining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango. Vibanio viwili vimeshajaa, sasa yuko cha tatu. Za chini wino umefifia, zimebaki nyeupe, ila anazo. Siku ile akaimulika risiti kwa simu, akaisoma, halafu akanigeukia: "Wewe si ndiye umesoma siasa? Hebu niambie, hii hela ikitoka hapa inakwenda wapi? Nani anakaa kuamua? Maana choo cha hapa huu mwaka wa nne hakina mlango, sisi wanawake tunashikiana khanga."

Wakuu, nilinyamaza. Kichwani nilikuwa na wanafalsafa wa Ulaya: nilikuwa na Hobbes, nilikuwa na Locke, nilikuwa na Montesquieu na mihimili yake mitatu ya dola. Sifa za utawala bora ningezitaja usingizini, na mpangilio wake. Nikamjibu, "Inakwenda halmashauri." Mama akasema, "Hilo hata mimi nalijua, limeandikwa hapa juu."

Hakusema kwa ubaya. Akaendelea kuhesabu magunia. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale kwenye matope nikijiuliza miaka mitatu nilikuwa nafanya nini.

Jioni nikaanza kutafuta mwenyewe, kwa simu iliyopasuka kioo. Siku nne tu. Nikajua kuna Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya 1982, na ndiyo inayotaja vyanzo vya mapato ya halmashauri. Nikajua bajeti ya halmashauri inapita kwenye kamati ya fedha kisha inafika kwa madiwani, na baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nikajua asilimia 10 ya mapato ya ndani inatakiwa iende kwenye mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mama yuko kwenye kikundi cha wanawake kumi na wawili, hawajawahi kuomba, walidhani ile ni hela ya hisani inayotoka juu kwa jina la kiongozi fulani. Kumbe ni ushuru wao wenyewe! Ni zile risiti za kwenye msumari!

Siku nne, wakuu. Kwa nini sikufundishwa hayo kwa mihula sita?

Nitawaambia tulichofundishwa. Tulifundishwa kukariri. Kuna desa moja, yaani notisi za kukopiana, la somo la siasa za Afrika, kila anayeingia mwaka wa kwanza anaelekezwa kwa mtu wa kopi nje ya geti akalitoe. Limetolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi za pembeni zimekatwa, neno la mwisho la kila mstari unalibuni mwenyewe. Ndani yake imeandikwa kwamba Sudani ndiyo nchi kubwa kuliko zote Afrika. Sudani Kusini ilijitenga Julai 2011, na tangu hapo nchi kubwa kuliko zote ni Aljeria. Mimi nimeingia chuo 2021! Miaka kumi nzima hakuna aliyeona haya kuifuta ile sentensi.

Desa hilohilo linasema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tano. Kwenye mtihani wa mwaka wa pili nikaandika saba, maana Sudani Kusini ilishaingia 2016 na Kongo ikajiunga 2022, nilisikia kwenye redio kama mtu yeyote. Nikapigwa kosa. Nikaenda ofisini na karatasi yangu, kwa adabu zote. Nikaambiwa: "Jibu kulingana na notisi." Sikurudishiwa alama. Leo nchi ni nane, Somalia imeingia, na nina hakika kuna mdogo wangu mahali fulani anakosa alama kwa kuandika nane.

Maswali yenyewe ni yaleyale. "Taja na ueleze sifa sita za dola." "Jadili mambo matano." Kwa nini matano? Nani aliyeyahesabu? Chukueni Tume ya Nyalali. Iliundwa 1991 ikazunguka nchi kuuliza watu kama wanataka vyama vingi. Karibu watu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na 1992 sheria ikabadilishwa. Hapo hamwoni mjadala wa mwezi mzima? Wengi wakikataa jambo na wachache wakalitaka, dola ifanye nini? Waliohojiwa walikuwa huru kusema wanachotaka? Wachache wana haki gani hata wakiwa wawili katika kumi? Darasani kwetu Nyalali alichukua dakika tano: mwaka, jina la mwenyekiti, mapendekezo, geuza ukurasa.

Somo la takwimu ndilo lilinitoa machozi. Tulifundishwa programu ya kuchakata takwimu UBAONI. Mhadhiri anachora dirisha la kompyuta kwa kalamu ya wino, anaandika "bonyeza hapa". Tulikuwa zaidi ya mia mbili, hakuna aliyegusa kompyuta muhula mzima, na wote tukafaulu. Baada ya kumaliza ndipo nikagundua kwamba Afrobarometer wanaweka takwimu za maoni ya wananchi mtandaoni, Tanzania ikiwemo, tena tangu miaka ya 2000, na unapakua bila kulipa senti. Ningeweza kukaa na maelfu ya majibu ya Watanzania wenzangu kuhusu viongozi wao nikayachambua. Hakuna aliyetutajia hata jina.

Utafiti wa mwaka wa tatu je? Nilipeleka mada yangu: uongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, hivi tunavyoviita BMU, kwenye mialo. Nilitaka kujua nani anachaguliwa, wenye mitumbwi wanapata kura ngapi kuliko wavuvi vibarua, akina mama wa kuchakata na kuuza wanasikilizwa wapi. Nimekulia mwaloni, milango yote ningefunguliwa. Msimamizi akaisoma nusu ukurasa akasema hiyo ni mada ya watu wa uvuvi, si siasa. Akanipa "Mchango wa vyama vya siasa katika kukuza demokrasia nchini". Wenzangu sita walipewa mada ileile kwa mikoa tofauti. Kama namna watu wa mwaloni wanavyochaguana na kugawana madaraka juu ya samaki si siasa, basi siasa ni nini? Nawaulizeni kweli.

Sasa niseme lililoniuma kuliko yote, na hili naomba mnivumilie.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Geita. Nilipokuwa mdogo alikuwa anasimulia "mwaka ule tulipovuka maji kwenda Mwanza kumwambia Mzungu hatutaki". Anasimulia walivyolala nje, moshi uliowachoma macho, askari. Sisi wajukuu tulijua ni hadithi za wazee. Akafariki nikiwa mwaka wa pili, nikarudi kuzika, nikawahi mtihani wa nadharia za demokrasia.

Mwaka jana, nikisoma kwa hiari yangu, nikakutana nayo. Mwaka 1958 serikali ya mkoloni iliwalazimishia watu wa Geita halmashauri ya mchanganyiko wa rangi, Wazungu na Wahindi wakae kwenye baraza la wilaya ambayo karibu watu wake wote ni Waafrika. Watu wakaikataa. Umati ukatoka Geita ukaja Mwanza kuonana na mkuu wa jimbo, ukapiga kambi, ukatawanywa kwa mabomu ya machozi. Tena wakati huo TANU ilikuwa imezuiwa Jimbo la Ziwa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo watu hawa walikuwa wakijipanga bila tawi la chama lililoruhusiwa. Na kabla yao kulikuwa na wakulima wa pamba waliojiunga chini ya Paul Bomani, na ushirika wao, VFCU ya 1955, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima. Wakulima wa jembe la mkono walijifunza kupima mizani, kuchagua viongozi na kudai hesabu kabla ya Uhuru.

Babu yangu alikuwa ndani ya sura ya kitabu cha sayansi ya siasa, nami nilikaa naye kwenye kigoda nikimwona mzee wa porojo. Niliandika kurasa nane juu ya mkataba wa kijamii kati ya mtawala na mtawaliwa, na mtu aliyewahi kuuvunja kwa miguu yake alikuwa anakufa nyumbani sijamuuliza hata swali moja. Hilo siwasamehe. Sijui nielekeze kwa nani, lakini siwasamehe.

Na haya ni ya kanda yetu tu, sijagusa ziwa lenyewe. Uhusiano wa kimataifa tulianza na mikataba ya amani ya Westphalia, Ulaya, 1648, sawa, ni msingi. Lakini mbona tuliishia hukohuko Ulaya? Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka Misri iridhie kwanza kabla ya kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile, ziwa letu likiwemo. Tanganyika ilipopata uhuru Nyerere akasema, 1962, hatufungwi na mikataba tuliyowekewa na mkoloni. Miaka arobaini na kitu baadaye yakajengwa mabomba ya kutoa maji Ihelele, wilaya ya Misungwi, mkoa huuhuu wa Mwanza, kupeleka Shinyanga na Kahama. Mwaka 2010 Tanzania ikatia saini mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile pale Entebbe, ukaanza kutumika Oktoba 2024 huku Misri na Sudani zikiukataa. Mtoto wa Kahama anafungua bomba, ndani ya ile ndoo kuna mzozo wa karibu miaka mia. Basi moja la wanafunzi kwenda Ihelele lingefundisha kuliko muhula wangu wote.

Fildi yangu ilikuwa ofisi ya kata, wiki nane. Nilipiga mihuri barua za utambulisho. Msimamizi wa chuo alikuja mara moja, akasaini, akaomba soda, akaondoka.

Najua wanaokuja kuniambia "ungesoma afya" au "ungesoma ualimu". Wengine mtauliza nitagombea lini. Sikusoma ili nigombee. Nilisoma kwa sababu tangu nikiwa darasa la sita nilitaka kujua kwa nini watu wengi hivi wanakubali kutawaliwa na wachache hivi, na lini wanakataa. Bado nataka kujua. Naipenda hii fani, ndiyo maana nimekasirika. Mtu hapigi kelele kwa kuibiwa kitu asichokithamini. Kuhusu ajira, matangazo ninayoyaona mengi fani yetu haimo, na ninapoitwa kwenye usaili nakutana na mtu wa fani nyingine anayejua sheria za halmashauri kuliko mimi. Namlaumu vipi mwajiri? Mkopo nao unanisubiri, nikipata kazi ni makato ya asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Nitailipia ile notisi ya Sudani kwa jasho langu.

Wahadhiri mliomo humu, msiniambie kuhusu uchache wenu na ukubwa wa madarasa, nayajua, nilikaa sakafuni. Lakini kufuta sentensi moja ya uongo kwenye notisi hakuhitaji bajeti.

Wadogo zangu mlioko mwaka wa kwanza, nendeni baraza la madiwani la halmashauri mnayoishi. Nendeni hata wawili. Ulizeni babu zenu sasa hivi, leo, pigeni simu.

Mama na kikundi chake wanajaza fomu ya ule mkopo wiki hii, nimeandika mimi, katiba ya kikundi tumeimalizia jana usiku kwa tochi. Na baraza lijalo la robo mwaka nataka tuende mimi na yeye, na vile vibanio vitatu vya risiti kwenye mkoba. Kuna yeyote humu aliyewahi kuingia baraza akiwa mwananchi wa kawaida? Inabidi uandike barua kwanza au unafika tu na kukaa? Getini wanauliza nini? Mwenye kujua aniwekee hapahapa chini, nasubiri.