Mmehamishia huduma kwa wateja nje ya nchi, sasa tumlilie nani?

Wakuu, salaam. Nina hasira na leo naziandika zote.

Kuna kampuni ya kutuma na kupokea pesa kwa simu imefunga kitengo chake cha huduma kwa wateja Dar, kazi yote ikapewa kampuni ya nje. Jina siliweki. Simu zimehamia huko, ila uwezo wa kumaliza shida ya mteja haukuhamia nazo, na hapa nyumbani hakuachwa mtu wa kuimaliza. Unaongea na binadamu asiyeruhusiwa kukufanyia lolote.

Shangazi yangu ananunua zabibu Mpunguzi, Dodoma, na kuuza soko la Majengo. Msimu huu alikosea tarakimu moja, laki tatu na nusu ya mkulima ikaingia kwa mtu asiyemjua. Akapiga palepale, mimi nimekaa pembeni, spika imewashwa. Muziki. Ukaisha, ukaanza upya. Kijana aliyepokea alikuwa anasoma maneno kwenye skrini; ukimkatiza anarudi mwanzo wa sentensi. Shangazi anamwomba, "Mwanangu, hela bado iko kule, izuie kwanza." Yeye anauliza tarehe aliyosajili laini. Nani anaikumbuka? Mwisho akampa namba ya lalamiko, asubiri saa 72. Saa 72 wakuu! Aliyepokea aliitoa jioni ileile. Mkulima alilipwa kwa mkopo wa kikoba na mpaka leo shangazi anaulipa.

Mdogo wangu wa kike alikuwa kwenye kile kitengo. Anasema lalamiko la namna hiyo walikuwa wanazuia kiasi kilichokosewa mteja akiwa bado hewani, ndipo wanampigia aliyepokea. Mtu akimtajia Kibaigwa, alijua hapo ni mahindi na hela ya gunia haisubiri kesho. Akisikia mzee wa Kigogo anapapasa Kiswahili, alipunguza kasi.

Na kabla ya kutolewa wakaambiwa wawafundishe watu wa kule kwa video. Akawapa kila alichojua, hata makosa ambayo wateja huyarudia, akidhani kampuni inapanuka. Barua ikafuata. Sasa yuko Kizota kwa wazazi, anazungusha vyeti. Hili ndilo linaloniuma kuliko hela ya shangazi.

Sina ugomvi na kijana wa kule. Kazi hizi zinapimwa kwa dakika: simu ikirefuka alama zinashuka, na alama ndizo zinazoamua kama mkataba utaendelea. Vijana wa Ufilipino wanakesha usiku kupokea simu za Wamarekani ambao kwao ni mchana. Kijana wa kule naye anatafuta riziki. Wa kulaumiwa ni aliyesaini mkataba wa kumlipa amalize simu haraka, shida iishe isiishe.

Msiniambie ndiyo maendeleo. Benki ya Santander ya Uingereza ilirudisha simu za wateja wake kutoka India mwaka 2011 baada ya wateja kulalamika. BT, kampuni ya simu ya Uingereza, waliokuwa wamepeleka kazi hiyo India tangu 2003, kufikia Januari 2020 walikuwa wanapokea simu zote za wateja wao wa majumbani wakiwa Uingereza na Ireland. Wenye pesa zao wamejaribu wakarudi, sisi tunaanza!

Halafu shangazi alisoma namba yake ya NIDA kwa mtu ambaye hata nchi aliyopo hatuijui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi. Tume ya kusimamia sheria hiyo ipo. Iwaulize hawa jamaa wamepeleka nini, wapi, na kwa ruhusa ya nani.

Kwa mliopewa barua juzi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri awape taarifa na kushauriana nanyi kabla ya kupunguza watu, si baada. Kifungu cha 42 kinampa aliyetimiza mwaka kazini kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, kikomo miaka 10. Msisaini karatasi ya "tumekubaliana" kwa sababu ya njaa. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, mgogoro wa kuachishwa unapelekwa ndani ya siku 30, na mdogo wangu zake zinahesabika. Mliokuwa naye zamu moja njooni inbox, twendeni pamoja.