Naomba ushauri: sehemu ya elimu kwenye CV niipangeje?

Kijana_Busia: Habari zenu wakubwa. Kuna kazi ya karani wa hesabu kwenye ghala moja hapa Busia, Uganda, maombi yanafungwa Ijumaa. Nina PLE (ya shule ya msingi), UCE (ya kidato cha nne), UACE (ya kidato cha sita) na chuo, digrii ya biashara. Nianze na ipi? CV imefika kurasa nne na usingizi sipati.

Mama_Tororo: Anza na ya juu ushuke. PLE itoe, ukishafika chuo hakuna anayeuliza ya darasa la saba. UACE taja masomo na alama, UCE mstari mmoja unatosha.

Fundi_Arua: Vyeti, vyeti! Mimi nina UCE tu, na gereji yangu imeajiri vijana wenye digrii. Nilianza kwa kuwashikia watu spana, nalala chini ya lori la mwarabu mmoja...

Mwalimu_Mstaafu: Kijana, ulihitimu mwaka gani, kwa daraja lipi? Hujataja.

Kijana_Busia: Nimeandika "Shahada ya Biashara, 2017–2020". Mtihani wa mwisho ulikuwa Mei 2020.

Mwalimu_Mstaafu: Transkripti, ile hati ya matokeo ya chuo, unayo?

Kijana_Busia: Bado. Kuna karatasi mbili natakiwa kurudia. Lakini miaka mitatu nimesoma, baba aliuza shamba kwa ajili ya ada, na sijaandika popote kwamba nimehitimu. Nimeweka miaka tu. Wengi wanafanya hivyo.

Abu_Salim: Riziki ya kudanganya haina baraka, mdogo wangu. Mche Mungu.

Dada_Kasese: Ngojeni. Vyuo vyote Uganda vilifungwa Machi 2020 kwa korona. Huo mtihani wa Mei ulifanyia wapi? Hii hadithi imetungwa.

Fundi_Arua: Tunachezewa hapa!

Kijana_Busia: Mei ndiyo ilikuwa kwenye ratiba. Sisi wa mwaka wa mwisho tuliitwa Oktoba, wengine wakabaki nyumbani. Wakati huo nilishaanza kuandika hesabu za wakala mmoja wa forodha mpakani, sikusoma vizuri.

Mama_Tororo: La Oktoba ni kweli, binti yangu alikuwa kundi hilo. Sasa hiyo kazi ya forodha mbona hukuisema? Iweke juu kabisa, mwenye ghala ndiyo anayoitafuta. Chini yake andika: "Shahada ya Biashara, masomo 2017–2020, karatasi mbili zimebaki." Na uwapigie ofisi ya msajili wa chuo uwaulize kama muda wako wa kurudia haujaisha, maana vyuo vina ukomo.

Kijana_Busia: Asante mama. Ya forodha naipandisha leo leo. Ila nikiandika "zimebaki" si wataitupa CV kabla ya kuniita? Naona niache miaka peke yake.

Mwalimu_Mstaafu: Tuseme wamekuita. Watataka vyeti halisi mezani. Hapo utatoa nini?