Mjadala: Tukiletewa gorila Mombasa, tuwapokee?

Msimamizi
Gorila watatu wa bustanini waliovuma sana duniani wana majina ya lugha yetu: Jambo wa kisiwa cha Jersey huko Ulaya, Binti Jua wa Brookfield karibu na Chicago, na Harambe wa Cincinnati, Marekani (huyu "e" yake moja ilipotea njiani). Waliokulia miji ile huwakumbuka kama mtu anavyomkumbuka jirani mwema. Sisi huku neno "jambo" tumewaachia watalii, na gorila nao vilevile. Hoja iliyo mezani: Mombasa ijengewe bustani kamili ya wanyama yenye gorila, ama la? Hakuna mradi, tunajadili wazo tu. Leteni hesabu, jazba tuiweke kando.

Mwalimu wa Kisauni
Naunga mkono, na hoja yangu ni umri. Kila likitajwa hili, watu husema si waende Bwindi, Uganda, wakawaone msituni. Haya, twende. Ni zaidi ya kilomita 1,500 za barabara. Tangu Julai 2024 mgeni wa kimataifa hulipa dola 800 kwa saa moja na gorila wa Uganda. Sisi wa Afrika Mashariki tunatozwa pungufu mno, lakini lipo sharti lisilofunguka kwa pesa: aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata. Kila kundi la gorila hupokea wageni wanane tu kwa siku. Basi mtoto wa darasa la nne, umri ule kitu kikiingia akilini hakitoki tena, hana njia. Mwenzake wa Basel (Uswisi) au Columbus (Marekani), miji yenye gorila bustanini, hupanda basi la mjini.

Daktari wa Wanyama, Likoni
Mwalimu, tutenganishe kwanza. Wale wa Bwindi ni gorila wa milimani, na hakuna bustani yoyote duniani inayomfuga hata mmoja. Wa bustanini karibu wote ni gorila wa nyanda za chini za magharibi, wa Gabon, Kongo na Kamerun. Hao joto na unyevu wa Mombasa hautawasumbua mradi wapate kivuli kizito. Hali ya hewa sina tatizo nayo. Ninachokiogopa ni chakula.

Ugonjwa unaoongoza kuwaua madume wazima bustanini ni wa moyo: misuli inaota makovu, moyo unatanuka, na dume aliyekuwa akila jana asubuhi anakutwa amekufa. Kwa miaka mingi walilishwa biskuti za kiwandani zenye wanga na sukari, na matunda juu yake. Chakula hicho huisha kwa dakika chache. Gorila msituni hutumia karibu nusu ya mchana akitafuna, sasa huyu wa kizimbani abaki na mdomo mtupu afanye nini? Hutapika alichokula akakila tena, mara kwa mara. Watazamaji hucheka wakidhani ni mzaha wa mnyama.

Mwaka 2009 bustani ya Cleveland iliondoa biskuti kwa madume wake wawili, ikawapa majani: letusi, endivu, alfaalfa, maharagwe mabichi na mbegu za kitani, kama kilo 4 na nusu za mboga kwa kila mmoja kwa siku, vitamini zikifichwa ndani ya ndizi. Kalori walizokula ziliongezeka karibu mara mbili, na bado kila mmoja alipungua karibu kilo 29. Ile tabia ya kutapika ikakoma.

Sasa ileteni hesabu hiyo kwenye soko letu la Kongowea. Kundi la gorila watano, ukihesabu na kinachotupwa, wekeni kilo 30 za majani kwa siku, karibu tani moja kila mwezi, mvua au kiangazi. Mchicha peke yake haufai kwa sababu una oksaleti nyingi zinazofunga kalsiamu, kwa hiyo uzungushwe na majani ya kunde, sukuma wiki, mabingobingo na vigogo vya migomba. Yote yaoshwe, maana hujui mkulima alipuliza dawa lini. Na hapa ndipo tutakapoharibu: siku majani yakikosekana, mtu ataona maembe na mapapai yamejaa sokoni kwa bei ya kutupa, ayapakie mkokoteni mzima. Tunda la shambani lina sukari nyingi na nyuzi chache kuliko tunda la msituni. Mwaka mmoja wa huruma ya namna hiyo unatosha kumnenepesha dume hadi moyo ulalamike.

Yakipita hayo, moyo wenyewe upimwe. Gorila hufunzwa kwa zawadi ndogo ndogo kuja kwenye wavu na kubandika kifua, akapigwa altrasaundi akiwa macho. Ni kazi ya miezi, na mtunzaji awe yuleyule. Mkibadilisha vibarua kila robo mwaka, hamtapata picha hata moja.

Fundi wa Mageti, Changamwe
Mimi nazungumzia ukuta. Majina matatu aliyoyataja msimamizi yana kitu kimoja: mara zote tatu mtoto wa binadamu alivuka kizuizi. Jersey, Agosti 1986, mtoto wa miaka 5 alianguka uani akazimia. Jambo akasimama kati yake na wenzake, akamgusa mgongoni, na mtoto alipozinduka na kulia, akaondoka na kundi lake. Brookfield, Agosti 1996, wa miaka 3. Binti Jua akambeba hadi mlango wa watunzaji, mwanawe mwenyewe akiwa mgongoni. Cincinnati, Mei 2016, wa miaka 3 tena. Harambe akamburura ndani ya handaki la maji ya kina kifupi, na baada ya dakika kama kumi akapigwa risasi. Wanaouliza kwa nini hakudungwa sindano ya usingizi wajue dawa ile huchukua dakika kadhaa, na kabla ya kulala mnyama kwanza hukasirishwa na mchomo.

Kwa hiyo kumbukumbu tamu za Jambo na Binti Jua zimetokana na ukuta uliofeli. Tusijenge bustani tukitegemea tabia njema ya gorila.

Baada ya Harambe waliinua kizuizi hadi sentimita 107 na kukifunga kwa wavu wa kamba. Urefu peke yake hautoshi. Vyuma vikilazwa, mtoto amepata ngazi. Visimamishwe, nafasi kati yake isizidi sentimita 10, na juu pasiwe na bapa la kukalia, kwani mzazi mwenyewe ndiye humpandisha mtoto apigwe picha. Kioo cha tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja ni bora zaidi, na kinazuia mafua ya watu yasimfikie mnyama. Handaki la maji nalikataa: gorila hawaogelei, na wapo waliozama.

Halafu chumvi. Wavu wa mabati ulioagizwa kwa michoro ya Ulaya hapa pwani utaota kutu kwenye viungo kabla ya sehemu nyingine. Tumieni chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, boliti nazo ziwe za chuma hichohicho, la sivyo kutu itaanzia hapo. Fensi ya umeme ioshwe vikombe vyake vinavyoshika waya kwa maji yasiyo ya chumvi, maana chumvi ikitanda umeme huvuja na waya hubaki pambo. Mlango wowote wa gorila uwe wa kuteleza, uendeshwe kutoka nje, mtunzaji asiwe chumba kimoja na mnyama.

Bi Kibokoni
Wanangu, mumesema ya majani na ya chuma. Mimi nasema ya hao watazamaji wanaopenda. London walikuwa na Guy, aliyefika 1947, kipenzi cha mji. Waliompenda walimtupia peremende, meno yakaoza, na 1978 akafa kwa moyo akifanyiwa matibabu ya meno. Atlanta walikuwa na Willie B., kipenzi kingine, aliyekaa ndani peke yake miaka 27 na televisheni na tairi. Rotterdam, 2007, dume Bokito aliruka nje akamjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa akija kila wiki, mara kadhaa kwa wiki, kumkazia macho na kumchekea, akiamini wao ni marafiki. Kwa gorila, macho makavu na meno nje ni ugomvi. Baadaye wageni wakagawiwa miwani ya karatasi iliyochorwa macho yanayotazama pembeni, eti tufundishwe heshima na kadibodi!

Aibu ni kwamba wote watatu walipendwa kwelikweli.

Mwalimu wa Kisauni
Bi, shikamoo. Lakini ni mapenzi hayohayo yaliyomtoa Willie B. Watu wa mji walipoona aibu, bustani ikajengwa upya, akatolewa nje 1988, akapata wake na watoto watano kabla ya kufa mwaka 2000. Kisichopendwa hakichangiwi. Na hapa kwetu, Bamburi lilikuwa shimo la machimbo ya saruji. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, majongoo yakawa yanasaga majani yake hadi udongo ukapatikana, na leo ni Haller Park. Waulizeni watoto wanamkumbuka nani: Owen, kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, na kobe Mzee, ambaye Owen alimfanya mama.

Bi Kibokoni
Marahaba mwanangu. Na Owen alipokua, wakatenganishwa, maana kiboko akicheza, kobe hulipia.

Kuluzu wa Diani
Mnajadili kana kwamba gorila wananunuliwa. Wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; biashara ya kuwatoa porini imefungwa. Bustani kubwa huazimana kupitia mipango ya pamoja ya uzazi, na mratibu ndiye huamua nani aende wapi. Bustani mpya mara nyingi haipewi jike. Gorila huzaliwa dume na jike kwa idadi inayokaribiana, lakini kundi lina dume mmoja na majike kadhaa, kwa hiyo bustani zimejaa madume wa ziada. Tutakachopewa ni hao, kundi la makapera.

Na tusidanganyane kwamba tutakuwa tunamwokoa gorila. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria wa nyanda za magharibi porini kuwa zaidi ya 360,000, wakipungua kama asilimia 2.7 kila mwaka, na karibu asilimia 80 wakiwa nje ya hifadhi. Wanauawa na bunduki za nyama pori, ebola na ukataji miti. Kizimba cha hapa Mombasa hakigusi hata kimoja cha hivyo.

Nyani adimu tunao. Ng'ambo ya feri, Diani, yupo kuluzu, mbega mweusi mwenye mabega meupe. Anauawa na magari na nyaya za umeme barabarani, na dawa yake inajulikana: ngazi za kamba juu ya barabara, na kukata matawi yanayogusa nyaya. Mtoto wa darasa la nne anaona vizuri akitazama juu, bila kioo wala kibali cha dola 800.

Mwalimu wa Kisauni
Kuluzu ni mzuri, sikatai, lakini hukaa mbali juu, na mtoto hamwoni akimtazama usoni. Gorila humtazama. Hicho ndicho kinachobaki miaka hamsini, hata Bi akisema ni ugomvi. Hata hivyo hilo la makapera limenikata maini. Daktari, madume watatu bila jike wanaishi, ama tunajenga uwanja wa ngumi?

Daktari wa Wanyama, Likoni
Wanaishi, wakikutanishwa wangali wadogo, kabla mgongo haujaota mvi. Ukiwakutanisha wakubwa wageni wao kwa wao, jiandae kushona. Wakishakomaa ugomvi huzidi, kwa hiyo mwombe mratibu awe tayari kumchukua mmoja siku yoyote. Kwa watatu mimi ningejenga vyumba vya kulala vitano, kila kimoja na milango miwili, kwa sababu anayefukuzwa akifika kwenye kona isiyo na mlango, ndipo meno hutoka. Fundi, hivyo vyumba vitano vya chuma cha 316 ni shilingi ngapi?

Fundi wa Mageti, Changamwe
Nipe vipimo vya milango kwanza, Daktari. Milango kumi ya kuteleza inayoendeshwa kutoka nje itagharimu kuliko kuta.