Uwanja wa nyumba umegoma kushika nyasi: nimwite mtaalamu wa bustani au nifanye mwenyewe?

Kijani
Wakuu, uwanja una mita za mraba 200. Nyasi zinaota kwa mabaka na kugeuka njano ingawa zinamwagiliwa kila siku. Kando ya ukuta wa nyumba maji ya mvua hutuama siku mbili. Chini ya mti mkubwa pako wazi kabisa. Fundi aliyepaona anashauri kung'oa zote, kumwaga udongo mpya na kutandika nyasi zilizokwisha kuoteshwa. Kuna ulazima?

Sururu
Usikubali kung'oa kabla hujajua zinakufa kwa nini. Udongo mpya juu ya ardhi iliyoshindiliwa hautibu kitu. Mizizi ikifika chini inagota, na baada ya miezi michache unarudi ulipoanzia.

Chukua nondo ya milimita 10. Siku moja baada ya kumwagilia vizuri, ichomeke kwa nguvu ya mkono sehemu kama kumi. Ikigoma kabla ya sentimita 15, ardhi imeshindiliwa. Ikilia kama imegonga jiwe, chimba uone, maana vifusi vya ujenzi hufukiwa sana kando ya kuta.

Kisha chimba shimo la sentimita 30 kwa kina na upana. Jaza maji, yaache yaishe, jaza tena ndipo upime. Mjazo wa kwanza unadanganya kwa sababu udongo mkavu hunywa haraka. Yakishuka pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo haupitishi maji.

Mwisho ni mteremko. Funga kamba kwenye kigingi karibu na ukuta, ivute mita 3 kwenda nje, isawazishe kwa pima maji (kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa), halafu pima kutoka kwenye kamba hadi chini, ncha zote mbili. Ardhi ya ncha ya nje inatakiwa iwe chini zaidi kwa sentimita 15 hivi.

Tandazo
Naongezea: kumwagilia kidogo kidogo kila siku kunafanya mizizi ibaki juujuu. Mwagilia mara moja au mbili kwa wiki, jumla milimita 25 ukihesabu na mvua. Weka makopo matupu uwanjani upime. Ukikata nyasi, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake.

Chini ya mti usihangaike na nyasi kama jua halipigi kwa muda wa saa nne kwa siku. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina, la sivyo gome huoza. Na tafadhali, udongo mpya usirundikwe juu ya mizizi ya mti huo. Utaukosesha hewa, na mti hufa polepole hata usijue uliuua lini.

Kijani
Asanteni sana. Nondo imegoma kwenye sentimita 6 karibu kila mahali. Shimo limeshuka sentimita 5 kwa saa. Kamba inaonyesha ardhi ya nje imepanda sentimita 4 kuliko ya ukutani.

Sururu
Basi chini kunapitisha maji. Kigumu ni tabaka la juu, na maji yanarudi kwenye msingi. Mteremko ndio wa kumpa mtaalamu. Mwambie akate ardhi ya nje, asijaze udongo ukutani hadi kuzidi usawa wa tabaka la kuzuia unyevu lililojengwa ndani ya ukuta karibu na ardhi, na kabla ya kuchimba ajue mabomba na nyaya zinapita wapi. Mkataba utaje vipimo: sentimita ngapi zishuke, maji yaishie wapi, nani anaondoa udongo uliozidi. Akikuandikia "kurekebisha bustani" tu, usisaini. Bakiza sehemu ya malipo hadi mvua kubwa ya kwanza ipite na pale ukutani pakauke.

Yanayobaki unayaweza. Toboa ardhi ikiwa na unyevu, si matope, kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 10, kila baada ya sentimita 10. Sambaza mboji iliyoiva unene wa sentimita 1: kwa mita 200 ni mita za ujazo 2, yaani toroli 25 za lita 80. Mchanga usiuchanganye kama udongo wako ni mfinyanzi, utagandamana kama zege.

Tandazo
Ila mteremko utangulie. Mashine na matoroli ya udongo yakipita juu ya ardhi uliyokwisha kuitoboa, yataishindilia upya.