Wana wa Mzee Juma: gari ya Rukia

IJUMAA USIKU

Rukia: Assalamu alaikum jamaa zangu. Shikamoo Mama, shikamoo Ami Nassor. Gari yetu ndiyo basi tena, giaboksi imekufa na kuitengeneza ni ghali kuliko gari yenyewe. Tuna pauni 6,000. Mimi na Salim tunataka gari ya kufunua paa, ya viti vinne, iwe ndiyo gari yetu ya kila siku: kazini, skuli, sokoni. Nawaomba ushauri kabla pesa haijatoka.

Zuhura: Waalaikum salaam. Rukia mdogo wangu, mko watano nyumbani! Wewe, Salim, watoto wawili na Mama. Viti vinne vitawatosha vipi? Na mvua hizi za Milton Keynes?

Salim: Shemeji, hilo tumelipima sana. Mimi kazini naenda kwa baiskeli, njia za baiskeli hapa zinafika kila mahali. Kwenye ile gari ya zamani nilikuwa nakaa siku ya Idi tu tukija kwako. Siku hiyo nitapanda treni.

Ami Nassor: Marahaba Rukia. Viti vinne ni viti vinne, mikanda ni minne. Hakuna kubanana hata kwa safari ya dakika tano. Kama mmekubaliana na Salim, tuendelee. Lakini niambie, kwa nini ya kufunua?

Rukia: Kwa sababu ya Mama, Ami. Tangu aje, hatujapita kipilefti cha tatu ameshaanza kushikwa na kichefuchefu, na mji huu ni kipilefti juu ya kipilefti. Kiangazi kilichopita rafiki yake Salim alimchukua kwenye gari ya wazi mpaka Bletchley. Njia nzima Mama anazungumza, anauliza majina ya miti. Sijamuona hivyo tangu tumzike Baba. Na mimi nakesha kazini hospitali, nikitoka asubuhi jua naliona njiani tu.

Mama: Ni kweli. Kwetu nilipanda gari za mbao toka Makunduchi mpaka Darajani, ubavu wazi, upepo unapita. Sijatapika hata siku moja. Humu kwenye vioo naona kama nimetiwa ndani ya chupa.

Zuhura: Sikujua Mama, pole. Basi Rukia tafuta, ila usinunue dizeli. Dizeli za kabla ya 2015 nyingi zinatozwa ushuru wa moshi, pauni 12.50 kwa siku ukiingia London, na tangu Agosti 2023 ni London nzima, mpaka huku kwangu Ilford. Petroli ya 2006 kuja juu kwa kawaida haitozwi.

Hamad: Mimi huku Muscat gari za wazi naziona Disemba mpaka Februari, halafu zinafunikwa. Kwenu ndiko kwenye jua la kustahimilika. Mnunulieni Mama.

Ami Nassor: Kwa pesa hiyo mtapata. Nimeangalia matangazo, yako matatu karibu na nyinyi. VW Eos ya 2012, Vauxhall Cascada ya 2014, na Golf Cabriolet ya 2013. Zote petroli.
Eos ina paa la chuma, vipande vitano vinavyokunjana. Likifungwa, gari ni kimya kama ya kawaida, na juu ina kioo. Lakini likifunuliwa, paa lote linalala ndani ya buti. Lita 380 zinakuwa 205. Kigari cha mtoto utakiweka wapi? Halafu vipande vingi maana yake mipira mingi ya kuzibia maungio, na mipira ile inataka kupakwa grisi mara kwa mara, ikikauka maji yanaingia.

Ami Nassor: Golf ni turubai. Buti ni lita 250, paa likiwa juu au chini ni zile zile, kwa sababu turubai lina pahala pake. Linafunuka kwa sekunde tisa na nusu, hata ukiwa unatembea polepole, maili 18 kwa saa. Mvua ikikukuta kwenye taa nyekundu, taa haijageuka umeshafunika.

Salim: Na Cascada, Ami?

Ami Nassor: Kubwa zaidi, nyuma kuna nafasi. Ila ina karibu mita 4.7. Pimeni pahala penu pa kuegesha.

Zuhura: Ami, watoto watakuwa salama? Gari ikipinduka hakuna kitu juu yao.

Ami Nassor: Swali zuri. Nyuma ya viti vya nyuma kuna vyuma vilivyofichwa. Gari ikihisi inapinduka vinachomoka wenyewe, na fremu ya kioo cha mbele imetiwa nguvu. Viti vya watoto vinafungwa nyuma kama gari nyengine. Sheria ni ile ile, miaka 12 au urefu wa sentimita 135, kimoja kikitangulia. Linalonisumbua mimi ni upepo. Ule wavu wa kuzuia upepo unafunika viti vya nyuma, kwa hiyo mkiwa na watoto hauwekiki. Barabara kubwa ya M1 funikeni. Barabara za mjini funueni.

Ami Nassor: Na kitu kimoja nakuombeni. Msiende kuangalia gari peke yenu. Nendeni na Mama, watoto wote, kiti cha mtoto na kigari. Mwaka jana mtu alinunua gari ya wazi kwa picha, akaniletea tayari ameshalipa. Nilipotia mkono chini ya zulia la nyuma, maji. Vimifereji vya paa vilikuwa vimeziba majani, waya zimeoza. Gari ilikuwa inang'aa. Tieni mkono chini ya zulia, na kwenye shimo la tairi la akiba. Nuseni. Harufu ya uvundo haijifichi.

Rukia: Tutafanya hivyo Ami. Namba za gari tutaziingiza kwenye tovuti ya serikali tuone majibu ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, na maili za kila mwaka, ni bure.

JUMAMOSI JIONI

Rukia: Tumerudi. Cascada nzuri, lakini kwetu inatokeza mpaka njia ya jirani. Salim alipima kwa futi kamba. Eos hatukuijaribu hata barabarani. Paa lilipolala, kigari hakikuingia kabisa.

Rukia: Golf tumekaa nayo saa nzima. Kigari kinaingia ukichomoa magurudumu mawili. Zulia kavu, shimo la tairi kavu. Paa tumelifungua na kulifunga mara sita, halijakwama.

Salim: Jambo ambalo hakuna aliyetuambia: paa likiwa wazi, mtoto unamuweka kwenye kiti chake ukiwa umesimama wima, unamshusha kutoka juu kama unamuweka kitandani. Mgongo wa Rukia umefurahi. Lakini paa likiwa limefungwa ni kuinama na kupenya nyuma ya kiti cha mbele. Tulijaribu, ni kazi. Wakati wa baridi itatuchosha, tumelikubali.

Zuhura: Na Mama?

Rukia: Mama anakaa mbele, mlango wake ni mrefu, aliingia bila kushikwa. Tulizunguka vipilefti tisa. Nilivihesabu.

Ami Nassor: Alishikwa na kichefuchefu?

Rukia: Hata kidogo. Alifumba macho, nikaogopa. Kumbe anasikiliza ndege.

Ami Nassor: Alhamdulillahi. Lipeni. Msiegeshe chini ya miti, turubai msilikunje likiwa bichi, na mashine ya maji ya nguvu isilikaribie. Brashi laini tu. Jumapili ijayo niletee Luton nisafishe vimifereji.

Salim: Tumelipa 5,700. Zilizobaki ni za bima.

Hamad: Mashaallah. Picha!

Mama: Picha kesho, leo mtandio wangu ulikuwa unaruka. Zuhura ukija niletee pini, zile ndefu za kichwa cha lulu. Pakiti mbili.