Mark Bradford: ni mchoraji au mbandika karatasi?

Korongo: Wadau, Mark Bradford wa Los Angeles anabandika karatasi tabaka juu ya tabaka, nyingi ni mabango ya mitaani, anapitisha kamba katikati, kisha anachukua mashine ya msasa na kuzichimbua upya. Brashi haionekani. Mwaka 2017 alibeba banda la Marekani kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa kule Venice, Italia, na kila mahali anaitwa mchoraji. Mimi nasema jina hilo si lake.

Bi Patasi: Tuanze na neno lenyewe. Fundi wa nakshi huchora ubao kwa patasi bila tone la rangi, na hakuna anayemnyang'anya jina. Bradford anachora kwa msasa. Kosa liko wapi?

Kombo K: Mnamkuza bure. Alianza na vijikaratasi vya saluni vya kuviringishia nywele. Takataka tupu! Msusi akibahatika, basi naye msanii.

Nywele ni Kazi: Kaka Kombo, hiyo "akibahatika" imenichoma. Unajua kijikaratasi kile kina kazi gani? Kinashika ncha za nywele kwenye rola zisivunjike, dawa ipenye sawasawa. Ni chembamba, mwanga unapita. Ukipanga kimoja juu ya kingine, cha chini bado kinaonekana. Bradford alivichoma kingo hadi zikawa nyeusi, akapata mistari bila kalamu. Aliyagundua hayo kwa sababu alikuwa na mikono ya saluni.

Kombo K: Dada, sijamtukana msusi yeyote. Punguza jazba.

Nywele ni Kazi: Umesema takataka. Soma ulichoandika.

Mtu wa Pwani: Alimaliza shahada ya uzamili CalArts, chuo cha sanaa cha California, mwaka 1997, huku akifanya kazi saluni ya mama yake, mtaa wa Leimert Park, Los Angeles. Bahati haipo hapo.

Kombo K: Basi kilichomtoa ni chuo, si saluni. Mmejijibu wenyewe.

Nywele ni Kazi: Chuo hakikumfundisha kuviringisha nywele! Kwa nini mkono ukishika brashi ni kipaji, ukishika kitana ni bahati?

Korongo: Jamani, mada ni uchoraji.

Shekhe wa Rangi: Mada ni pesa. Kazi yake Helter Skelter I iliuzwa London mwaka 2018 kwa karibu dola milioni 12. Za karatasi!

Bi Patasi: Angalieni kazi yenyewe kwanza. Pickett's Charge, aliyoitengenezea jumba la makumbusho la Hirshhorn, Washington, ni michoro minane ya kuzunguka ukuta wa duara. Bradford alichukua picha ya mapigano ya Gettysburg, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyoichora Mfaransa Philippoteaux katika karne ya 19, akaichapa kubwa, akaifunika kwa karatasi, kisha akachana. Pengine unaona farasi, pengine mpasuko tu. Vita vile vimefunikwa hivyo hivyo katika kumbukumbu za Wamarekani. Brashi ingeyasema hayo vipi?

Kombo K: Bi Patasi nakuheshimu, lakini huyo dada ananishambulia mimi binafsi.

Nywele ni Kazi: Futa neno takataka, nami nitanyamaza.

Korongo: Hilo la brashi, Bi Patasi, nitalifikiria. Ila karatasi ya bango hupauka. Miaka hamsini ijayo tutakuwa tunatazama nini?

Kombo K: Nimefuta "takataka". "Akibahatika" inabaki.