Dau linavuja kwenye mkuku

Asalaam aleikum. Nipo Nungwi, namalizia dau langu dogo: mbao za mwembe, mataruma (mbavu za ndani) ya mfenesi. Nimekalafati, yaani nimeziba nyufa za mbao, kwa pamba na mafuta ya nazi, lakini pembeni mwa mkuku, ule uti wa chini wa chombo, maji bado yanachuruzika. Niongeze pamba au nipake lami?

— Waaleikum salaam. Lami hapana, ndugu yangu! Liache kwanza majini mbao zivimbe. Likiendelea kuvuja, chokoa pamba yote hapo uipige upya. Chembeu, hicho chuma cha kusindikia pamba, kiende taratibu. Ukishindilia sana, unaziachanisha mbao.

— Na chini umeshapaka deheni? Ile ya chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama), usisubiri wadudu watoboe mbao.

— Bado, sheikh. Foromali je, ule mti wa kufungia tanga, mvinje unafaa?

— Unafaa, ila uwe mkavu. Mbichi utapinda na tanga.